Jembe la Anyitike

Jumatatu, 25 Novemba. Iringa

Mvua bado. Kila mchana mawingu yanajikusanya juu ya mwamba wa Gangilonga, tunaanua nguo mbio mbio, halafu hakuna kitu. Leo Dokta Kalinga ametufundisha utetezi katika kesi za jinai: kujitetea, kughadhabishwa, ulevi, kukosea kwa nia njema. Anasema kosa lina miguu miwili, tendo na nia, ukiukata mguu mmoja linaanguka. Nimeandika mpaka kidole kinauma. Devotha, mwenzangu wa chumbani, anasema napenda makosa ya watu kama wengine wanavyopenda tamthilia. Namwacha aseme. Ndicho kipindi pekee ninachoingia bila kujisukuma.

Jumatano, 27 Novemba

Naandika haraka, mwandiko huu hata mimi sitausoma. Mama amepiga simu kutoka Rujewa. Kaka Rabson yuko mahabusu. Amempiga Anyitike kwa mpini wa chepe kule mferejini. Anyitike hajitambui, wamemkimbiza hospitali Mbeya.

Anyitike, jamani! Majaruba yake ya mpunga na yetu yamegusana, na yeye ndiye besi wa kwaya ambayo kaka ndiye mwalimu wake. Pasaka iliyopita walikula sahani moja nyumbani kwetu.

Nikamwambia Mama atulie, anieleze ilivyokuwa.

"Maji, mwanangu. Zamu ilikuwa ya kwetu. Yeye akaja akafunga geti letu la mfereji, akafungua la kwake. Miche inakauka kitaluni, mvua yenyewe unaiona. Kaka yako akaenda kule, wakagombana."

"Anyitike alikuwa na silaha?"

"Silaha ya nini? Alikuwa na jembe, mtu katoka shamba."

"Alimwinulia kaka hilo jembe?"

"Si alikuwa nalo pale pale?"

"Basi alimwinulia. Mama, nisikilize vizuri. Kama alimwinulia jembe, kaka alikuwa anajitetea, na mtu akijitetea kwa nguvu inayostahili hana kosa. Mfikishie hivyo hivyo. Akiulizwa aseme alikuwa anajitetea."

"Alimwinulia jembe," Mama akarudia polepole, kama anakariri mstari wa kipaimara. "Haya, mwanangu. Mungu akutunze. Sisi wakili wetu ni wewe."

Nikamwambia mimi si wakili, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. "Ndiyo hao hao," akasema, akakata simu.

Anyitike akifa, shtaka linageuka kuwa la mauaji, na hapo hakuna hata dhamana. Nimesali apone, nimesali kwa ajili yake na kwa ajili yetu, na sijui ni kwa ajili ya nani zaidi. Halafu, Mungu anisamehe, kuna kitu ndani yangu kilichochangamka. Somo limefundishwa juzi tu, na swali limekuja nyumbani, na jibu ninalo.

Alhamisi, 28 Novemba

Hakuna habari. Sijala.

Ijumaa, 29 Novemba

Anyitike amezinduka! Amemtambua mkewe, ameomba uji. Nimelia kwenye korido mpaka Devotha akadhani ni msiba.

Kaka naye amefikishwa mahakamani leo. Shtaka: kumsababishia mtu madhara makubwa mwilini. Jana nilimpigia Mama nikamkazania amfikishie ujumbe kwamba akisomewa shtaka asithubutu kusema "ni kweli". Watu wa kwetu nawajua. Hakimu akiuliza ni kweli au si kweli, wao wanajibu "ni kweli, mheshimiwa" kabla hata hawajaelewa walichoulizwa, maana kumbishia mkubwa ni utovu wa adabu. Kuna watu wamefungwa kwa sababu ya adabu tu. Kaka akajibu si kweli, alikuwa anajitetea. Amepata dhamana, Mwinjilisti Sedekia wa usharika wetu mwenyewe amemdhamini. Nimelala kama gogo.

Jumanne, 3 Desemba

Baada ya kipindi nimemfuata Dokta Kalinga nikamuuliza juu ya mtu aliyeinuliwa jembe kwenye mfereji. "Kwa mfano tu, Dokta."

Akavua miwani. "Huyo mfano wako ana jina?"

Nikaanza kufungua daftari langu. Akasema kwanza huyo mtu atafutiwe wakili. Pili, nisimpe mtu utetezi kabla sijasikia kisa chake, kwa sababu atakichonga kisa mpaka kienee kwenye utetezi. Nikaitika ndiyo, ndiyo, huku nawaza kwamba mimi kisa ninacho tayari. Wakili, Mama hataki hata kumsikia. Anasema kwa nini atafute wa nje wakati amezaa wake?

Jumapili, 8 Desemba

Manyunyu. Vumbi halijalala hata.

Ijumaa, 20 Desemba. Rujewa

Nimefika nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Mvua imeanza huku, na mfereji uliokuwa unagombaniwa sasa unamwagika wenyewe barabarani. Laiti ingekuja mwezi mmoja mapema.

Kaka amekonda. Alikuwa anang'oa miche kitaluni, akanyoosha mgongo, "Kamwene, mwanasheria," akanisalimia kikwetu, akacheka kidogo, akainama tena. Ndiye aliyenilea tangu Baba afariki, sijawahi kumwona akikwepa macho yangu. Nikamwambia nataka tukae nimwandae kwa kesi. Akasema, "Wewe unajua vyote. Mimi nilimpiga, basi." Nikamwambia neno hilo asilitamke tena popote. Aseme, alinishambulia nikajikinga.

"Haya," akasema.

Jumamosi, 21 Desemba

Leo nimegombana na Mama kama sijawahi.

Mwinjilisti Sedekia alikuja asubuhi. Yeye na wazee wa kanisa wamepanga kesho jioni twende kwa Anyitike kuomba radhi. Ndivyo ilivyo kwetu: aliyeumiza anakwenda na watu wake, anakaa kwenye kiti kifupi, anasema kosa lake kwa mdomo wake, na aliyeumizwa anamjibu. Wakimaliza wanakula pamoja, na Jumapili inayofuata mkosaji anasimama mbele ya usharika na kurudishwa kundini. Bila hivyo kaka haikaribii meza ya Bwana, na kwaya haiongozi. Krismasi hii kwaya imeshikwa na kijana ambaye hata kitabu cha nyimbo anakishika kichwa chini.

Nikasema hapana. Nikasema mbele ya Mwinjilisti, na mimi ndiye mdogo pale ndani. Nikawaeleza kwamba mtu mwenye kesi akisema mbele ya watu kumi "nimekukosea, nilikupiga", watu kumi hao ni mashahidi. Mwendesha mashtaka anaweza kumwita Mwinjilisti mwenyewe aje kurudia alichokisikia.

"Kwa hiyo toba imekuwa ushahidi?" Mwinjilisti akaniuliza, kwa upole kabisa.

"Mbele ya mahakama, ndiyo, Mwinjilisti."

Mama akawaka. "We Damari! Unataka mwanangu asishiriki meza ya Bwana kwa ajili ya vitabu vyako? Watu wakae na kinyongo mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe, Mama! Unataka ashiriki meza au unataka afungwe?"

Akamtazama kaka. Kaka alikuwa anakwangua tope kwenye kucha. Akasema tu, "Afanye anavyojua yeye, amesoma." Mwinjilisti akaaga bila kumaliza chai yake. Nimeshinda, na nina wasiwasi hadi meno yananiuma.

Jumapili, 22 Desemba

Hatukwenda.

Jumatano, 25 Desemba

Naandika na sikukuu inaendelea huko nje, watoto wanapita na nguo mpya.

Kanisani Anyitike alikuwepo. Mara yake ya kwanza tangu atoke hospitali. Alikaa mbele yetu, safu mbili, na mkewe Benedicta akiwa amemshika mkono. Amekuwa mwembamba, na mkono wa kushoto hauinuki sawasawa. Watu walikuja kumpa pole mmoja mmoja. Sisi tulikaa kama tumegandishwa kwa ulimbo.

Ulipofika wakati wa sala watu wote wakainamisha vichwa. Mimi sikufumba macho. Yeye alipoinama, ukosi wa shati ukashuka, nikaliona kovu. Liko kisogoni, nyuma kabisa, limelala kutoka kulia kwenda kushoto, nyuzi zimeacha alama zake.

Kisogoni.

Mtu anayekuinulia jembe anakutazama. Ukimpiga unampiga paji la uso, bega, mkono, pembeni ya kichwa. Nikaanza kumtafutia kaka njia pale pale, watu wanasema Baba Yetu: labda aligeuka ghafla, labda waliparurana wakazungukana, labda alianguka kwa nyuma akajigonga kwenye zege la geti. Kila labda niliyoishika ilikuwa inachomoka mkononi. Nilipoangalia pembeni, kaka naye alikuwa hajafumba macho. Alikuwa anatazama kile kile.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimemfuata kaka jarubani. Nikamwambia, "Leo sikufundishi kitu. Nieleze."

Akaendelea kupandikiza mistari kadhaa ndipo akasema, bila kuinuka. Anyitike aliiba maji, hilo ni kweli. Siku ile ilikuwa mara ya tatu. Miche yetu ilikuwa imeanza kuwa njano. Kaka alimkuta getini, wakatukanana. Anyitike akamwambia, "Nenda kashtaki kwa dada yako wakili," akacheka, akalaza jembe lake ukingoni, akampa mgongo, akainama kupandisha ubao wa geti.

"Halafu?"

"Halafu nikaona giza. Niliposhtuka yeye yuko majini, na mpini uko mkononi kwangu. Nikaruka nikamtoa, nikapiga kelele watu waje. Sikutaka afe, Dama."

"Hakukuinulia jembe."

"Hilo jembe nimelisikia kwa Mama, kule mahabusu. Kasema ndivyo ulivyosema wewe."

Nikakaa kwenye tope na sketi yangu ya sikukuu. Swali la kwanza nililomuuliza Mama kwenye simu lilikuwa na jibu ndani yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa asimuulize shahidi wake hivyo.

Jioni nimepita utetezi wote. Kujitetea, hakuna, aliyekupa mgongo hakutishii. Kulinda mali: maji yalikuwa haki yetu kwa zamu, lakini sheria inataka nguvu inayolingana na hatari, na kichwa cha mtu hakilingani na jaruba. Kughadhabishwa kunashusha kesi ya mauaji tu, hapa kungesaidia kidogo wakati wa adhabu. Ulevi, kaka hanywi. Kukosea, alikosea nini? Alimwona vizuri. Kinachobaki ni kukiri mapema, kujuta, kusamehewa na aliyeumizwa. Hakimu anayaangalia hayo sana. Yaani yale yale aliyoyataka Mama na Mwinjilisti, niliyoyazuia mimi kwa kelele.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimekwenda kwa Anyitike peke yangu. Kaka alikataa, anaona aibu kwenda sasa. Mama nilimwambia naenda dukani.

Benedicta alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Amenibeba mgongoni utotoni, huyu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza, "Dada Benedicta, nimekuja kuwaomba..."

"Jumapili ile tuliwangoja," akasema. "Mwinjilisti alituambia mnakuja. Nilifagia uwanja, nikaazima viti kwa kina Saulo, tukachinja kuku. Mume wangu alikuwa ameshaniambia, wakija tu, nitawaambia polisi sitaki tena kesi, maji nilichukua mimi. Alijifunza na maneno ya kujibu. Tumekaa pale mpaka chai ikapoa. Watoto wakauliza, wageni wako wapi?"

"Kosa ni langu, dada. Siyo la kaka."

"Halafu nasikia mashineni, mume wangu alimwinulia mtu jembe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mama yako anasimulia pale kila akienda kukoboa. Mwambie Anyitike anasikia."

Akaingia, akarudisha mlango.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimemwambia Mama ukweli wote: kovu, maneno ya kaka, Benedicta, kuku. Nikamwomba aache kusimulia habari za jembe. Alikuwa anapepeta mchele, ungo haukusimama.

"Aliinua," akasema.

"Mama, hakuinua. Kaka mwenyewe..."

"Mimi niliona."

"Uliona wapi? Siku ile ulikuwa mnadani, uliniambia mwenyewe!"

"Nilikuwa nimerudi. Nilikuwa ng'ambo ya mfereji. Na nitasema hivyo hivyo kwa hakimu."

Nikamwambia kusema uongo chini ya kiapo ni kosa lenyewe, watu wanafungwa kwa hilo. Akaweka ungo chini, akanitazama kwa muda mrefu, na macho yake hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yananihurumia. "Wewe ndiye uliyeniuliza kama aliliinua. Nikakuona umefurahi. Nikajua hapo ndipo mlango wa mwanangu kutokea. Sasa nimepita njia uliyonionyesha, unanirudisha?"

Huyu ni mwanamke anayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Namwogopa Mama yangu. Sikujua kama siku moja nitaandika hivyo.

Jumatatu, 6 Januari. Iringa

Chuo kimefunguliwa. Mvua kila siku, kuta za chumba zinatoa jasho.

Jumatano, 15 Januari

Kesi imetajwa, upelelezi haujakamilika. Imesogezwa.

Jumapili, 19 Januari

Nimeongea na kaka kwa simu. Nikamsihi abadilishe, akiri, anayo ruhusa ya kukiri wakati wowote kabla ya hukumu, na mapema ni bora.

"Nikikiri nafungwa," akasema. "Mpunga nani atauvuna? Mama atakaa na nani?"

"Na ukikana ukashindwa?"

"Mbona uongo wenyewe mmeshaushona ninyi wawili, imebaki mimi kuuvaa. Na unanitosha, Dama. Hiyo ndiyo inanitisha."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana amenionea, halafu nikaona hajanionea. Baadaye akaniuliza kama gerezani wanaruhusu kuimba. Sikujua. Sheria yote hii niliyosoma na hilo sijui.

Alhamisi, 30 Januari

Imetajwa tena. Kusikilizwa: 11 Machi.

Jumanne, 11 Februari

Daraja la kule chini limezidiwa na maji, mabasi ya Mbeya yamelala njiani. Mama amepiga simu kuuliza hakimu huwa anauliza nini. Nikasema sijui. Akasema, "Unajua."

Jumamosi, 15 Februari

Kapiga tena. Amenisomea atakavyosema. Ameongeza rangi ya shati alilovaa Anyitike na mahali jua lilipokuwa. Ni ushahidi mzuri sana. Dokta Kalinga angeusifu.

Jumatano, 26 Februari

Mtihani wa jinai. Swali la tatu lilikuwa la kujitetea. Nimeliruka.

Jumatatu, 10 Machi. Rujewa

Nimefika. Mpunga umesimama, kijani mpaka macho yanauma. Mama amepiga pasi kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa. Kaka ameoga mapema na kunyoa. Nimemsihi Mama kwa mara ya mwisho, nimepiga magoti kabisa, akaniinua akasema nikale.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa kwenye kitanda cha kaka. Naandika yote sasa, kesho nitaanza kujidanganya.

Mahakamani mashahidi wanakaa nje mpaka waitwe. Mama alikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani, midomo inacheza. Kaka alikuwa ameshamwambia karani kwamba anaye shahidi mmoja, mama yake. Mimi niliingia, nikakaa safu ya mwisho. Benedicta alikuwa mbele, hakugeuka.

Upande wa mashtaka ukamwita Anyitike. Akaapa, mkono wa kuume umeshika Biblia na wa kushoto unaning'inia. Nilitegemea angekuja na ghadhabu. Akaeleza taratibu kama mtu anayeeleza njia. "Zamu ya maji ilikuwa ya kwao, mheshimiwa, hilo nakubali, nilikosea. Tukatukanana. Jembe langu nililaza ukingoni. Nikainama kupandisha ubao. Kuanzia hapo sijui kitu, nimeamkia Mbeya." Hakimu akamwomba ageuke aonyeshe jeraha. Akageuka. Watu wakaguna.

"Mshtakiwa, una maswali kwa shahidi?"

Kaka akasimama kizimbani. Mimi nilikuwa nimekunja vidole mpaka vimekufa ganzi. Nilijua kinachotakiwa: amuulize, si kweli kwamba uliniinulia jembe? Anyitike akatae, halafu ushahidi wa Mama uje umfanye mwongo mbele ya watu wote. Swali moja tu. Na kusema kweli, kusema kweli kabisa, kuna sehemu yangu ilikuwa inamwomba aliulize.

"Mheshimiwa," kaka akasema, "yule shahidi wangu aliyekaa nje, akiingia humu atashika Biblia?"

"Ataapa kwa imani yake, ndiyo. Uliza maswali yako."

"Kama ni hivyo, sitaki aingie." Akashika ukingo wa kizimba. "Sina swali. Alivyosema Anyitike ndivyo ilivyokuwa. Hakuniinulia kitu."

Mwendesha mashtaka akasimama, akakaa, akasimama tena. Hakimu akaweka kalamu chini. Akamweleza kaka polepole kwamba halazimishwi, kwamba maneno hayo yana uzito, kwamba anaweza kuendelea na utetezi wake kama ana utetezi. Kaka akasema ameelewa. Shtaka likasomwa upya kutoka mwanzo.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Hakimu akaandika muda mrefu. Akamtia hatiani. Kisha akauliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Hapa ndipo mtu anapotaja mjane, mashamba, kosa la kwanza. Midomo yangu ilikuwa inamtajia yote hayo kutoka safu ya mwisho.

"Ninalo, ila si kwako, mheshimiwa, samahani." Akamgeukia Anyitike. "Tulitakiwa tuje kwako. Mlifagia, mkachinja, hatukuja. Nimekukosea mara mbili. Naomba unisamehe."

Anyitike akanyanyuka kwenye benchi. "Mheshimiwa, naweza kumjibu?"

"Hapana. Umeshamaliza ushahidi wako. Kaa."

Akabaki amesimama, mdomo wazi, na Benedicta akamvuta shati akakaa. Alikuwa na maneno yake tangu Desemba na mahakama haina mahali pa kuyaweka. Hakimu akasema amezingatia kwamba mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, alimtoa mwenzake majini, na amekiri. Lakini amekiri akiwa amechelewa. Mwaka mmoja jela. Askari wakampitisha kaka mlango wa pembeni. Alinitazama mara moja akatikisa kichwa kuelekea nje, kwa Mama, kwamba niende.

Nikatoka. Jua lilikuwa limewaka baada ya mvua, uwanja wote unatoa mvuke. Mama akaniona, akasimama haraka, akajinyoosha kitenge.

"Ndiyo wananiita?"

"Hapana, Mama. Kaa kwanza."

"Zamu yangu bado?"

"Mama, hawatakuita."

Hakunisikia, au hakutaka. Akanishika mkono, kiganja chake kimelowa. "Nimekariri vizuri. Hebu nisikilize kama kuna nilipokosea. Mimi naitwa mama yake Rabson. Siku hiyo nilikuwa ng'ambo ya mfereji. Nikamwona Anyitike ameshika jembe kwa mikono miwili..."

Nyuma yake mlango ulifunguka. Anyitike na Benedicta wakatoka, wakasimama pale pale kizingitini, hatua chache tu, na Mama hakuwaona.

"...akaliinua juu hivi..."

Nikamziba mdomo mama yangu kwa kiganja changu, mbele ya watu. Midomo yake ikaendelea kusema chini ya mkono wangu.